Wananchi Wenye Hasira

Muthamia alipouawa Mitunguu, gazeti lilimpa sentensi mbili. Kwamba kijana aliyeshukiwa kuiba ndizi aliuawa na wananchi wenye hasira, na kwamba mwili wake ulipelekwa katika chumba cha kuhifadhia maiti. Jina lake halikutajwa. Dada yake, Winfred, alizisoma sentensi hizo kwenye simu akiwa amesimama nje ya ofisi ya walimu. Akazisoma tena. Kisha akaingia gredi ya sita kufundisha, kwa sababu kengele ilikuwa imelia na watoto walikuwa wakimngoja.

Walimzika kwa mama yao, juu upande wa Nkubu, kati ya majani chai na zizi la ng'ombe. Mchungaji alihubiri kuhusu vijana wanaopotea na hakusema alikufaje. Hakuna aliyekamatwa. Winfred alirudi Mitunguu kwa mumewe, Nthiga, mkulima wa ndizi, na binti yao Kagwiria akarudi shule ya bweni. Maisha yakashika njia yake, ila Winfred hakuwa tena mtu wa kucheka.

Mwaka uliofuata alianza kuandika. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi alikuwa ametunga michezo ya kuigiza ya watoto kwa ajili ya tamasha za shule. Lakini hii haikuwa ya watoto. Aliandika hadithi ya kijana aliyeuawa kwa ajili ya ndizi, akaijaza kurasa nyingi, akaipeleka kwenye warsha ya waandishi katika ukumbi mmoja mjini Meru. Huko ndiko alikokutana na Kivuti.

Kivuti alikuwa amehariri vitabu vya watu wengine Nairobi karibu maisha yake yote ya kazi, mpaka presha ya macho ikamrudisha kwao Karurumo. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilibaki na mwanga kidogo pembeni. Kwenye warsha ile aliwakatiza watu, akakataa soda, akalalamika kuhusu viti. Winfred aliposoma ukurasa wake wa kwanza, Kivuti alinyanyua mkono.

"Wewe njoo nyumbani," alimwambia. "Hapa kuna kelele."

Basi Jumamosi moja Winfred akashuka Runyenjes, akapanda bodaboda hadi Karurumo, akaelekezwa nyumba yenye geti la kijani. Lorna, binti wa Kivuti, alimpa chai na kumwonya kwa sauti ya chini: "Mzee haogopi kumkosea mtu. Ukitaka kulia, lia tu, tumezoea."

Kivuti hakuweza kusoma tena, kwa hiyo alisomewa. Alikaa ameelekeza uso ukutani na sikio kwa msomaji.

"Soma kwa sauti ya kawaida," alisema. "Pale utakapokosa pumzi, hiyo sentensi ni mbovu. Weka alama uendelee."

Winfred alisoma. Jua lilichomoza taratibu. Ndege waliimba. Mto ulipita kati ya mashamba ya kijani kibichi. Alikosa pumzi mara kadhaa, akaweka alama.

"Simama. Mtu anakufa ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi, Mwalimu."

"Na hizo tisa za mbele ni za nini?"

"Za kuonyesha mazingira."

"Ni za kuogopa. Unaogopa kufika, ndiyo maana unaimbisha ndege. Anza karibu na kifo. Mazingira yataingia yenyewe, kwa maana mtu lazima aanguke mahali. Ruka, unisomee penye kifo."

Aliruka. "'Wananchi wenye hasira wakamzingira, wakampiga bila huruma...'"

"Hao ni nani?"

"Ni umati."

"Umati hauna mkono, mama. Mkono ni wa mtu. Kuna mtu alirusha jiwe la kwanza, na asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai kwake, na labda mtoto wake alikuwa anakohoa. Kuna mwingine alikuja kuangalia tu. Kuna aliyeinua simu apige picha. Nipe hao. Gazeti linaweza kusema wananchi wenye hasira kwa sababu lina haraka. Wewe una haraka gani?"

Winfred alirudi nyumbani akiwa amekasirika. Kurasa tisa za mbele alizitupa wiki ileile. Ilimuuma, lakini alipoisoma hadithi bila hizo, alisikia tofauti.

Mara ya pili alipoenda Karurumo, Kivuti alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Huyu kijana anaimba kwaya. Anamchotea bibi maji. Anamnunulia mama leso. Hajawahi kukosa hata siku moja?"

Winfred alikunja pembe ya karatasi.

"Alikuwa nani wako?"

"Ndugu yangu. Mdogo wangu."

"Pole," Kivuti alisema. "Nilidhani hivyo. Mtu hampambi mhusika wa kubuni namna hiyo." Akapapasa meza mpaka akapata kikombe. "Alikuwa na kosa gani?"

Na Winfred, ambaye jambo hilo hakuwa amemwambia hata mama yake, akamwambia mtu huyu asiyemwona. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Muthamia alivunja stoo yao, akaiba pampu ya maji ya Nthiga na kuiuza mjini Meru. Alikuwa amezama kwenye pombe wakati huo. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na kabla hawajapata pampu nyingine sehemu nzima ya migomba ikakauka. Nthiga alijua ni nani. Hakwenda polisi wala kwa chifu, kwa ajili ya mke wake. Muthamia alikuja akapiga magoti jikoni, akalia, akasamehewa, na wote watatu wakakubaliana jambo hilo lisitoke nje ya nyumba.

"Hiyo pampu iko ndani ya hadithi?"

"Haiko."

"Basi bado hujaanza kuandika. Msomaji ukimpa malaika, malaika akifa atasikitika kidogo kisha ataenda kula. Mpe mwizi. Mpe mwizi aliyewaumiza watu wake, halafu ufanye huyo msomaji aombe asife."

Winfred alilia hapo, na Lorna akamletea chai nyingine, kama mtu aliyezoea.

Akaandika upya. Pampu ikaingia, na pamoja nayo Muthamia wa kweli, yule mwenye mdomo mwingi na mikono isiyotulia, aliyeweza kukuchekesha huku akikuangalia mfukoni. Lakini kila alipofika barabarani, mahali penyewe, hakuona kitu. Yeye hakuwepo. Siku ile alikuwa ametoka mapema kuwapeleka watoto kwenye mashindano ya riadha, na habari ilimfikia mambo yakiwa yamekwisha.

"Nenda ukaulize," Kivuti alimwambia. "Lakini usiwaulize waliona nini, watakupa yale ya gazeti. Uliza mambo madogo. Walikuwa wanaenda wapi. Walikuwa wamebeba nini. Nani alisimama karibu nao. Mtu akianza na kitu kidogo, kikubwa kinamtoka bila yeye kujua."

Karibu na mahali alipofia Muthamia palikuwa na banda la Muriithi, mzee wa kuziba panchari. Winfred alimjua tangu alipoolewa Mitunguu. Alimkuta anasugua tyubu ya baiskeli kwa msasa, akaketi kwenye benchi, akamweleza kwamba anaandika kuhusu ndugu yake na angependa kujua mambo madogo tu.

"Asubuhi ile ulikuwa umeshafungua?"

"Nilikuwa nafungua."

"Ulikuwa umeshika nini?"

Muriithi alifikiri. "Jeki. Nilikuwa nimeshika jeki. Nikaiweka ndani nikafunga mlango, wasije wakaichukua kumpigia." Alisugua tyubu kwa nguvu zaidi. "Sikumpiga, Mwalimu. Mungu ananiona."

"Najua, Mzee. Siulizi hilo. Nani alikuwa amesimama karibu na wewe?"

Mkono wa Muriithi ulisimama. Aliangalia barabarani, akaangalia tyubu, kisha akasema kwa upole ambao Winfred hakuutarajia, "Mwalimu, hayo mbona unakuja kuniuliza mimi? Si uulize kwako nyumbani?"

"Kwangu nani?"

"Uliza tu nyumbani," Muriithi alisema, akarudi kusugua tyubu.

Winfred alimkuta Nthiga shambani, anang'oa machipukizi ya migomba. Ilikuwa alasiri, na maji ya mradi wa umwagiliaji yalikuwa yananyunyiza upande wa pili wa shamba. Alikuwa mume mwema kwa kipimo cha mtu yeyote, asiyekunywa, asiyepiga, mzee wa kanisa. Winfred alisimama mbele yake na viatu vya shule vikizama kwenye udongo.

"Baba Kagwiria. Siku ya Muthamia ulikuwa wapi?"

Nthiga alichomeka jembe ardhini. Alifuta matope mikononi, kidole baada ya kidole, na Winfred akajua jibu kabla halijaja.

"Ilikuwa zamu yetu ya maji," alisema. "Nilitoka mapema nikafungua valvu. Nikasikia kelele, nikaenda. Nikakuta wamemkalisha chini, kiatu kimoja hana. Mikungu ya ndizi iko hapo kando. Aliponiona akafurahi. Akasema, muulizeni huyo, ananijua, ni shemeji yangu."

"Halafu?"

"Mwongera akanigeukia." Mwongera alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, shamba lake likipakana na lao. "Akaniuliza, Nthiga, unamjua huyu? Nikasema namjua. Akaniuliza, huwa anaiba?"

Maji yalizunguka, yakapiga majani, yakaenda.

"Ukasema nini?"

"Nikasema aliniibia pampu."

Winfred alishika mgomba uliokuwa karibu.

"Ilikuwa kweli," Nthiga alisema. "Sikusema wampige. Niliulizwa nikajibu ukweli, watu wote wakiniangalia. Nilidhani watamchapa kidogo wampeleke polisi. Halafu nikaondoka. Nilikuwa nimeacha valvu wazi, nikaenda kufunga maji."

Winfred hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akapika, akamwekea chakula mezani, na yeye akahamia chumba cha Kagwiria. Tangu siku hiyo walizungumza kuhusu chumvi, kuhusu karo, kuhusu nani atafunga kuku.

Jumamosi alienda Karurumo bila karatasi yoyote. Alimweleza Kivuti yote. Mzee alisikiliza uso ukiwa ukutani, na Winfred alipomaliza, kwa mara ya kwanza mzee hakuwa na la kufundisha.

"Iache hadithi hiyo," alisema hatimaye. "Nilikutuma vibaya. Nilitaka hadithi nzuri nikasahau kwamba una nyumba."

"Uliniambia nitafute mkono wa mtu. Nimeupata."

"Nilikuwa nasema juu ya wahusika."

"Huyu ndiye mhusika, Mwalimu. Sina mwingine."

Lorna alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hakuingia.

"Kama ni lazima," mzee alisema, "basi usimwandike kutoka nje. Ukimwandika kutoka nje utamwua tu, na kuua ni rahisi, umeona. Ingia ndani yake. Utembee na miguu yake kutoka kwenye valvu mpaka barabarani. Na ukikuta umemfanya shetani, futa. Ukikuta umemsamehe, futa pia."

Ikawa kazi ngumu kuliko yoyote aliyowahi kufanya. Alibaki shuleni baada ya masomo, kwenye dawati la nyuma, akaandika. Kila mara yule mtu wa kwenye hadithi alipofungua mdomo, sumu ya Winfred ilitoka pamoja na maneno yake. Alifuta. Alijaribu kumpa sababu, pampu, migomba iliyokauka, aibu ya kuitwa shemeji wa mwizi mbele ya watu anaogawana nao maji. Sababu zikawa nyingi mno, akawa kama wakili wake. Alifuta. Mwisho alibakiza kidogo sana: mtu mwenye matope miguuni, anaulizwa swali mbele za watu, anajibu, anaondoka kwenda kufunga maji. Aliisoma kwa sauti darasani peke yake, na pumzi haikumkatika popote.

Jumapili moja baada ya kanisa, Nthiga akiwa bado na koti lake, Winfred alimwambia akae. Akamsomea yote, kuanzia kiatu kilichopotea mpaka maji. Nthiga alisikiliza akiwa ameshika magoti. Winfred alipomaliza, kuku walisikika nje.

"Kuna mahali pamekosewa," Nthiga alisema.

"Wapi?"

"Hapo anapoondoka." Alionyesha karatasi kwa kidole. "Sikuondoka. Nilisimama hapo mpaka wakamaliza. Maji nilienda kufunga baadaye. Shamba lilikuwa limejaa, tope mpaka hapa."

Winfred aliweka karatasi mezani. "Uliniambia uliondoka."

"Ulikuwa unaniangalia." Nthiga aliangalia mikono yake. "Ulipokuwa unasoma kwamba aliondoka, nilimwonea wivu huyo mtu. Alikuwa akiniangalia mimi, Mama Kagwiria. Muthamia. Mpaka alipoacha kuangalia. Hakuwaangalia wale wenye mawe."

Winfred alitoka nje, akanawa uso kwenye tangi la maji. Aliporudi, Nthiga alikuwa bado amekaa vilevile, kama mtu anayesubiri kuitwa. Winfred alichukua kalamu, akakata aya ya mwisho, akaandika nyingine hapohapo mbele yake, fupi, yenye tope.

Jumanne Nthiga alivaa koti lilelile akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Winfred hakuwa amemwambia aende. Alitaja watu aliowaona, Mwongera akiwa wa kwanza, na akajitaja mwenyewe. Askari wa zamu alimuuliza kama ana shida ya kichwa. Baadaye Mwongera na wengine wawili walikamatwa, wakakaa ndani siku chache, wakatoka kwa dhamana. Kesi ikatajwa mahakamani Meru, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Muriithi alifunga banda lake na kwenda kukaa kwa mwanawe, na hakupatikana tena kutoa ushahidi.

Mitunguu haikuwasamehe. Kamati ilisema laini yao ya maji ina hitilafu, na fundi hakuja. Migomba ilianza kunyauka upande wa juu, kisha upande wa chini. Asubuhi moja waliamka wakakuta mikungu michanga imekatwa na kuachwa ioze chini, haikuibwa. Kanisani benchi lao lilibaki na nafasi pande zote mbili. Nthiga aliacha uzee wa kanisa kabla hajaambiwa. Shamba lilipokuwa halitoi tena kitu, alikwenda huko chini Embu kufanya vibarua kwenye mashamba ya muguka, majani yale ya kutafuna. Alituma pesa za karo, na salamu kwa Kagwiria. Yeye na Winfred hawakuachana rasmi, lakini hawakukaa tena pamoja.

Hadithi ilichapishwa ndani ya mkusanyiko mmoja. Kivuti alikuwa ameisikiliza kabla haijatumwa, akaomba neno moja litolewe, kisha akasema, "Usiiguse tena." Jicho lake la pili lilikuwa limezimika kufikia wakati huo. Alimshika Winfred mkono wakati wa kuagana, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya, na Winfred akaona kwamba mzee huyo anamwogopa kidogo.

Mama yake Winfred, Lenah, hakujua lolote kuhusu kitabu hicho. Alikuwa ameambiwa kwamba Muthamia alipigwa jiwe moja tu kichwani, akafa papo hapo bila kusikia uchungu. Winfred mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo siku ya msiba. Kisha mwanamke mmoja wa kanisa, ambaye mjukuu wake alikuwa amekisoma kitabu hicho katika chuo cha walimu, akaja kumpa Lenah pole kwa mara ya pili.

Winfred alipofika nyumbani kwa mama yake wikendi iliyofuata, alimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, mikono mitupu.

"Unacho hicho kitabu?"

"Ninacho, mama."

"Nisomee. Kwa Kimeru."

Winfred alijaribu kusema kwamba ni hadithi tu. Mama alimwangalia, na Winfred akafungua kitabu. Akasoma akitafsiri polepole, sentensi baada ya sentensi, na maneno aliyoyapima kwa miezi yalitoka mazito na yenye kona katika lugha ya nyumbani. Mama alisikiliza kuhusu pampu bila kutikisika. Alisikiliza kuhusu kiatu. Winfred akafika mahali Muthamia anapomwona shemeji yake, na kusema kwa sauti ya chini, muulizeni huyo, ananijua.

Mama aliinua mkono. "Alisema kwa sauti ya chini?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Aliyekuwepo ndiye aliyekwambia hivyo?"

Winfred alitafuta kumbukumbu ya siku ile ya shambani, akayapata maneno, lakini sauti hakuipata. Nthiga hakuisema. Yeye ndiye aliyeiweka, siku moja kwenye dawati la nyuma, kwa sababu sentensi ilikaa vizuri zaidi hivyo.

"Hapana, mama. Hapo nilibuni."

Lenah alitikisa kichwa taratibu. "Mtoto huyo hakuwa na sauti ya chini," alisema. "Tangu alipozaliwa. Akiita kutoka mtoni, wewe uko huku juu unamsikia. Kama aliita, aliita kwa nguvu. Watu wote walisikia."

Kisha akainuka, akachukua panga, akateremka kukatia ng'ombe nyasi. Winfred alibaki na kitabu mapajani, hajui kama amngoje au aondoke.